Sikupunga Mkono

Limenipita. Basi, ndiyo. Limenipita hivi hivi mchana kweupe, nimesimama chini ya kibao cha kituo, tiketi mkononi, mke ubavuni, na dereva kaniona. Tena tumetazamana. Akanyoosha gari kama anaupita mwembe.

Mzee mmoja wa Kiitaliano aliyekuwa kwenye benchi ng'ambo ya barabara ndiye aliyenionyesha kosa langu. Aliinua mkono, akaupunga hewani, halafu akatikisa kichwa kwa masikitiko. Kumbe huku basi halisimami kituoni kwa sababu eti ni kituo. Linasimama ukiliomba.

Mimi! Mimi mtu wa Mbagala! Mtu niliyewahi kugombewa na makonda wawili, huyu mkono huu, huyu mkono ule, nikajikuta nimefika Kariakoo wakati safari yangu ilikuwa ya Temeke. Maisha yangu yote sijawahi kuliomba gari linipakie, nimekuwa nikiliomba linishushe. Leo nimekuja Ulaya, nikajiambia huku mambo ni ya utaratibu, nikasimama kistaarabu, mikono nyuma, kifua mbele, kama mgeni rasmi anayekagua gwaride. Haya, gwaride limepita. Linalofuata ni baada ya saa mbili, Mungu akipenda na dereva akipenda.

Mama Jamila hajasema neno. Ameketi juu ya ukuta wa mawe, kavua kiatu cha kushoto, anakitazama tu. Wenye ndoa mnajua kiatu kikitazamwa hivyo maana yake nini.

Wa kulaumiwa ni mpwa wangu. Yuko Perugia, anasoma, na ndiye aliyetualika. "Mjomba," aliniambia, "Italia usiizunguke na gari la kukodi, utaona barabara kuu na vituo vya mafuta. Panda treni, panda mabasi, uone miji ya kale ya milimani." Mtoto ana maneno matamu huyo, tangu akiwa mdogo alikuwa anakopa pipi kwa jina langu. Alichoacha kusema ni kwamba miji iko mlimani kweli, na treni haipandi mlima.

Unashuka kwenye treni, kibao kimeandikwa Assisi. Unavuta pumzi, unajipiga picha na kibao, unamtumia shemeji. Halafu unageuka uitafute Assisi yenyewe. Ile kule! Imekaa juu ya kilima, nyeupe, inameta kama harusi ya jirani ambayo hukualikwa. Wewe uko bondeni, Santa Maria degli Angeli, kilomita kama nne chini yake, na hizo kilomita zote zinapanda. Cortona ndiyo kiboko, ina stesheni mbili, na hakuna hata moja iliyo Cortona. Siena wamejistahi kidogo, wameweka ngazi za umeme zinazokuvuta kutoka upande wa stesheni hadi juu, mkanda baada ya mkanda, mpaka unasahau ulikuwa unakwenda wapi.

Nilimuuliza mpwa, hawa watu waliona nini bondeni kiasi cha kukimbilia huko juu? Akasema ni adui, mjomba, ukikaa juu unamwona anakuja. Na mbu. Mabonde mengi ya huku yalikuwa vinamasi, watu wakifa kwa homa. Hata neno malaria ni la kwao, mala aria, hewa mbaya. Nikakaa kimya nikitafakari. Sisi malaria tumeitibu kwa dozi na chandarua, wenzetu wakahama na kanisa lao, soko lao na bibi zao hadi kileleni, wakatuachia jina. Ugonjwa wenyewe waliumaliza mwaka 1970. Mbu wameondoka, lakini mji haujashushwa. Mwaka 1970 hadi leo, hakuna aliyefikiria kuushusha angalau nusu!

Perugia nayo ni hivyo hivyo, ila wana kigari kinachovutwa kwa kamba ya chuma, hakina dereva, kimeanza mwaka 2008. Mama Jamila alipoona hakuna mtu mbele alisoma dua mpaka tukafika. Na wana ngazi za umeme zinazopita ndani ya ngome, chini kabisa, kwenye vichochoro vya nyumba za zamani zilizofukiwa. Ngome hiyo aliijenga Papa Paulo wa Tatu, baada ya watu wa Perugia kumgomea kodi ya chumvi mwaka 1540. Waligoma, wakapigwa, wakajengewa ngome juu ya nyumba za wakubwa wao. Na wenyewe wanakuambia ndiyo sababu mpaka leo mkate wao hauna chumvi. Nimeuonja. Ni kama kutafuna kitabu cha hisabati. Karibu miaka mia tano mtu bado amesusa! Kwetu kodi ikipanda tunanung'unika kijiweni hadi saa nne, tunakwenda kulala.

Hiyo chumvi niishikilie kidogo, maana ndiyo iliyonifikisha hapa nilipo.

Leo asubuhi tulitoka Perugia kwenda Orvieto, tunabadilisha treni Terontola. Kubadilisha treni wao wanaita coincidenza. Nikadhani mpwa ananitania. Coincidenza, yaani sadfa! Treni yako kukutana na treni nyingine ni sadfa, na wameliandika neno hilo rasmi bila haya. Sadfa ya leo ilichelewa dakika arobaini.

Orvieto tukapanda funikulari, yaani kigari cha kuvutwa kwa kamba kupanda mlima. Kidude hicho kipo tangu 1888, zamani kikienda kwa uzito wa maji, siku hizi umeme. Juu kuna kisima ambacho Papa Klementi wa Saba aliamuru kichimbwe baada ya kuikimbia Roma ilipoporwa mwaka 1527. Ngazi 248 kushuka, na nyingine 248 kupanda, zimejipinda kama nyoka wawili ili nyumbu wa mizigo anayeshuka asikutane na anayepanda. Nyumbu wa miaka ile walipangiwa safari kuliko abiria wa leo. Kiatu cha Mama Jamila kilianza kulegea kwenye ngazi kama ya mia mbili hivi, wakati wa kupanda.

Sasa basi. Safari ya mchana ilikuwa Bagnoregio. Basi liko pale kwenye uwanja, mlango wazi, dereva nje anavuta sigara. Imebaki robo saa. Nikamnyooshea noti ya yuro 20, kama mtu yeyote mwenye akili anavyomnyooshea konda. Akarudi nyuma hatua mbili, akatazama kushoto, akatazama kulia, kama trafiki aliyeona kamera. Tiketi hauzi. Akaninyooshea kidole duka lenye herufi T kubwa.

T ni tumbaku. Nchi hii tiketi ya basi unanunua kwa muuza sigara, pamoja na stempu na bahati nasibu. Na duka lenyewe lina kibao cha zamani kimeandikwa Sali e Tabacchi, yaani Chumvi na Tumbaku, kwa sababu zamani chumvi ilikuwa biashara ya serikali. Kwa hiyo nimesimama kwenye mkoa ambao mkate hauna chumvi, mbele ya duka linaloitwa Chumvi, ambalo chumvi sikuiona, nanunua nauli. Nikaona nisiulize.

Ndani kuna mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo, na mbele yangu babu anayekwangua. Mnazijua kadi za kukwangua. Akakwangua ya kwanza kwa sarafu, taratibu, kama anasafisha kidonda. Akapuliza vumbi. Hakuna kitu. Akanunua ya pili. Akakwangua. Akapuliza. Hakuna. Dukani watu wanne tumeacha kupumua. Ya tatu, babu kapata! Yuro 5! Mama wa dukani akampongeza, mwingine akampiga bega, na mimi, sijui shetani gani alinipitia, nikapiga makofi. Babu akaichukua ile yuro 5 akanunua kadi nyingine.

Zamu yangu ikafika mama akiwa ameshika ufunguo, maana saa saba mchana huku nchi nzima inakwenda kula.

"Ba-gi-no-re-gi-o," nikasema, herufi moja moja, kama tulivyofundishwa shule ya msingi. Kilichoandikwa ndicho kinachosomwa.

Akanitazama.

"Ba-gi-no-re-gi-o. Mbili." Nikaonyesha vidole.

"Aaa! Banyorejo!" Haya, na iwe hivyo.

Akauliza, "Andata e ritorno?" Yaani kwenda na kurudi. Hapo nilijivunia, maana mpwa alinifundisha neno moja tu la kunisaidia nchi hii yote. Ndiyo yao ni "si".

"Si," nikasema kwa sauti ya mtu mzima.

Akachana tiketi nne kwenye bunda. Mbili za kwenda, mbili za kurudi. Hesabu safi. Sasa Mama Jamila yuko nyuma yangu, anatazama basi kupitia mlangoni.

"Baba Jamila, mbona unakataa? Gari litatuacha!"

"Sijakataa. Nimemjibu si."

Mama wa dukani akachana mbili.

"Si nini?"

Akachana mbili.

"Si! Kwao maana yake ndiyo!"

Akachana mbili.

"Si ungemwambia ndiyo tu kama watu wengine?"

Akachana mbili, sasa akinitazama kwa heshima, kama kiongozi wa msafara. Na mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme "si ndiyo nilichosema," nikauziba kwa kiganja. Tiketi kumi na mbili. Timu ya mpira na kocha wake. Nikajaribu kuzirudisha, lakini kuzirudisha kunataka maneno, na neno langu ni moja. Kila nikilisema hali inazidi kuwa mbaya. Mama akachukua hela, akanipa chenji, akanisindikiza nje kwa ukarimu mkubwa, akafunga komeo. Babu yuko kizingitini anaipuliza ya tano.

Tukalikimbilia basi. Dereva akanionyesha kimashine cha kugonga tiketi. Nikagonga mbili. Zilizobaki nikazitia mfukoni, na mfuko ukavimba kama nimebeba andazi.

Bagnoregio kwenyewe si mwisho wa safari, mwisho haupo. Unashuka, unatembea hadi ukingo wa korongo, na ng'ambo yake, juu ya mwamba unaomomonyoka, kuna kimji cha Civita. Njia ni daraja la watembea kwa miguu, la mwaka 1965, jembamba, limepanda mwishoni kama kisigino. Civita wanaiita mji unaokufa. Udongo wa chini unaliwa na mvua, tetemeko la mwaka 1695 liliangusha sehemu kubwa, wakazi waliobaki ni wa kuhesabu kwa vidole. Na kuingia unalipa yuro 5 kila mtu. Mimi sijawahi kutozwa rambirambi mlangoni na marehemu mwenyewe.

Pazuri lakini. Sisemi uongo. Kuna paka analala katikati ya uwanja wa kanisa kama ndiye diwani, na maua kwenye kila dirisha. Nikaketi nikaagiza kahawa, ikaja bili. Nikauliza kulikoni. Kumbe ukinywa umesimama kaunta ni bei moja, ukikaa ni nyingine. Jamani, mtu kapanda korongo, kiatu cha mkewe kimefungwa kwa uzi, halafu mnamtoza makalio! Kahawa yenyewe ni kijiko cha kikohozi. Ya Kariakoo unakunywa na kashata, unakalia ndoo iliyopinduliwa, hakuna anayekuuliza, na muuzaji anakusimulia habari za Simba na Yanga bure.

Tukarudi Bagnoregio kulingoja basi la kurudi Orvieto, na lilivyonipita mmeshasikia. Halafu Jumanne kulikuwa na mgomo wa treni. Sikuwaambia? Mgomo uliotangazwa kabla, na saa za kugoma zimeandikwa. Kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu treni zinakwenda, jioni kumi na mbili hadi saa tatu zinakwenda, katikati wamegoma. Kwetu mgomo unaujua suka akishazima gari na kushuka na ufunguo. Nimejaribu kumweleza yule mzee wa benchi, amevuka barabara sasa amekaa na sisi. Hasikii Kiswahili, lakini ana njugu za msitu za kuchoma kwenye mfuko wa karatasi, na Mama Jamila amekula kumi na moja, bado hajanisemesha. Nimempa mzee tiketi nne. Amezikataa. Nikamwambia chukua, si chukua tu, akachukua zote.

Ngoja. Kuna kitu kinapinda kona ile. Kikubwa. Cha njano. Mzee ameinua mkono kunielekeza kwa vitendo lakini mimi safari hii sikuhitaji mwalimu, nimesimama katikati ya barabara, mikono yote miwili juu, napunga kama mtu anayezama.

Ni basi la watoto wa shule. Wamejaa madirishani, kila mmoja na begi lake. Wote wamenipungia.

"Baba Jamila," amesema Mama Jamila, neno lake la kwanza tangu saa tisa, "hebu niletee hicho kiatu."