Ubao namba 16

Ami yangu ana karakana ya useremala Ngamiani, Tanga, na siku aliyonifumbua macho kuhusu kesi ya mtoto wa Lindbergh hata hakuwa anaijua. Nilikuwa nimekaa juu ya rundo la mitiki ya Longuza nikimsubiri amalize fremu ya mlango. Akauinua ubao uliotoka kwenye mashine ya randa, akauelekeza mlangoni kwenye mwanga, akaniambia nipitishe kidole. Kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele, umenyooka toka mwanzo mpaka mwisho.

"Kisu kimepata pengo," akasema. "Kila ubao utakaopita humu leo utatoka na alama hii, mpaka nikinoe. Hata ukiniibia ukazipeleka Pongwe, nitazijua mbao zangu."

Nami wiki hiyo hiyo nilikuwa nasoma kesi iliyoamuliwa, kwa sehemu kubwa, na alama ya namna hiyo.

Kwa asiyeijua: Charles Lindbergh ni yule rubani wa Kimarekani aliyeruka peke yake kutoka New York hadi Paris mwaka 1927 bila kutua, nchi nzima ikampenda. Usiku wa Machi 1, 1932, mtu aliegemeza ngazi ya mbao kwenye dirisha la ghorofani nyumbani kwake karibu na Hopewell, New Jersey, akamchukua mwanawe wa miezi 20. Akaacha barua ya kudai dola 50,000, Kiingereza chake kibovu kinanuka Kijerumani. Ngazi aliitupa si mbali na nyumba, imevunjika. Pesa zilipelekwa Aprili 2 kwenye makaburi ya Bronx, zikakabidhiwa kwa mtu gizani. Mtoto hakurudi. Mei 12 mwili wake ukakutwa kichakani, maili zisizofika tano kutoka kitandani alikochukuliwa, fuvu limepasuka.

Miaka miwili na zaidi ikapita bila mtu kushikwa. Kilichokuja kunasa kilikuwa noti. Nyingi ya pesa zile zilikuwa noti za dhahabu, yaani noti za karatasi zilizoweza kubadilishwa kwa dhahabu, na mwaka 1933 serikali ya Roosevelt ikaamuru noti za aina hiyo zirudishwe benki, kwa hiyo aliyeendelea kuzitumia alionekana kama mtu mwenye kanzu sokoni Jumatatu. Septemba 1934 mhudumu wa kituo cha mafuta New York akapokea ya dola 10, akaitilia shaka, akaandika namba ya gari pembeni yake. Gari lilikuwa la Bruno Richard Hauptmann, mhamiaji wa Kijerumani. Kazi yake: seremala. Gerejini kwake zikatolewa zaidi ya dola 14,000 za zile zile. Akasema aliachiwa na rafiki yake aliyerudi Ujerumani na kufia huko. Na rafiki huyo alikuwepo kweli, na alikufa kweli, jambo ambalo wengi wanaosimulia kesi hii huliruka.

Sasa ngazi. Serikali ilimwita Arthur Koehler, mtaalamu wa mbao kutoka maabara ya mazao ya misitu iliyoko Madison, Wisconsin. Aliifungua ngazi kipande kwa kipande kama fundi anayerekebisha kiti cha bibi yake. Akakuta aina nne za mti. Kwenye baadhi ya mbao akaona alama za visu vya randa, akahesabu kutokana na nafasi zake mashine ina visu vingapi na ubao ulipita kwa kasi gani. Akaandikia viwanda zaidi ya 1,500 kuuliza nani ana mashine ya namna hiyo. Mwisho akafika kiwanda kimoja South Carolina, na kutoka hapo akafuata shehena za mbao, duka kwa duka, hadi duka moja la Bronx. Kumbuka hiyo ilikuwa mwaka 1933, Hauptmann hajulikani na mtu. Duka liliuza kwa taslimu, halikuwa na jina la mnunuzi, njia ikafia hapo. Alipokamatwa Hauptmann, ikaonekana amewahi kufanya kazi kwenye duka hilo na kununua mbao hapo.

Halafu kuna ubao uliopewa namba 16. Huu haukutoka dukani moja kwa moja. Ulikuwa na matundu manne ya misumari ya zamani ambayo hayakuwa na kazi yoyote kwenye ngazi. Darini mwa nyumba aliyopanga Hauptmann palikutwa ubao wa sakafu uliokatwa kipande, na matundu yale manne yakakaa sawasawa juu ya matundu ya boriti. Duara za mti kwenye kipande na kwenye ubao uliobaki zikafuatana. Mawakili wake walisema polisi waliupandikiza, maana nyumba ilikuwa mikononi mwa polisi wakati huo. Hoja hiyo si ya kuicheka. Lakini nilipomweleza ami habari ya misumari alitikisa kichwa. Msumari, anasema, kila mmoja huingia na mwinamo wake, kutokana na mkono wa aliyeugonga siku ile. Kuiga mmoja unaweza. Minne, kwa nafasi zile zile na mwinamo ule ule, labda uwe jini.

Mimi namwamini ami. Naamini Hauptmann ndiye aliyeitengeneza ngazi ile.

Ila kesi haikuwa ya kutengeneza ngazi. Ilisikilizwa mji mdogo wa Flemington kuanzia Januari 2 hadi Februari 13, 1935, mbele ya Jaji Thomas Trenchard, na nje wachuuzi walikuwa wakiuza vijingazi vya mbao vya ukumbusho. Ndani, Lindbergh alipanda kizimbani akasema anaitambua sauti. Usiku wa makaburini alikuwa amekaa garini, akamsikia mtu akimwita kwa mbali aliyepeleka pesa. Maneno mawili tu. Miaka miwili na miezi tisa baadaye akaapa kwamba sauti ile ni ya Hauptmann. Baraza la wananchi kumi na wawili likamtazama shujaa wa taifa akisema hivyo. Nani angethubutu kumwambia umekosea, mzee?

Mimi ningethubutu, kwa sababu nimewahi kukosea hivyo hivyo. Tulipokuwa tunakaa Makorora tuliibiwa pampu ya maji usiku. Nikiwa nusu usingizini nikasikia mtu nje akisema "twende, twende", na asubuhi nikaapa kwa vyote kwamba ni sauti ya kijana wa jirani. Sikuwa nadanganya, niliisikia kabisa. Ikaja kujulikana kwamba usiku ule kijana alikuwa Handeni kwenye msiba wa babu yake, pamoja na nusu ya mtaa. Tukaenda kuomba radhi. Mama yake alitupokea, akatupa na chai. Lakini mpaka leo nikimwamkia shikamoo, huitikia marahaba huku akitazama pembeni.

Mahakama yetu ya Rufani ililiona hili zamani. Kuna hukumu ya mwaka 1980 ambayo mawakili wa jinai huitaja karibu kila kesi ya usiku: ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu kuliko wote, na mahakama isiutegemee mpaka iondoe kila uwezekano wa kukosea. Ulimwona kwa muda gani? Kwa umbali gani? Palikuwa na mwanga? Ulikuwa unamjua kabla? Hayo ni macho. Sauti ya maneno mawili kutoka makaburini ingesimama wapi mbele ya maswali hayo?

Na sheria iliyomuua Hauptmann ina kitu kinachonishangaza kila nikikisoma. Mwendesha mashtaka, David Wilentz, hakulazimika kuthibitisha kwamba alikusudia kuua. Ilitosha kuonyesha kwamba mtoto alikufa wakati wa kosa kubwa jingine. New Jersey ya siku hizo haikuhesabu utekaji nyara kuwa kosa kubwa la kiwango hicho, kwa hiyo serikali ikajenga hoja juu ya kuvunja nyumba usiku na kuiba. Kuiba nini? Nguo ya kulalia aliyokuwa amevaa mtoto. Juu ya kivazi hicho rufaa ikakataliwa Oktoba 1935. Gavana Harold Hoffman alikuwa na mashaka, akamwahirishia siku 30. Aprili 3, 1936, wakamweka kwenye kiti cha umeme Trenton. Walikuwa wamemwahidi uhai kama angekiri, hakukiri.

Toka kukamatwa hadi kufa, miezi 18 na ushei. Kwetu miezi 18 unaweza kuimaliza kesi ikiwa bado inatajwa tu kwa hakimu, "upelelezi haujakamilika", mshtakiwa hatakiwi kujibu lolote, rudi baada ya wiki mbili. Tunalalamika, na tuna haki. Lakini itazame kesi ya wafanyabiashara wa madini wa Mahenge. Januari 2006, watu watatu na dereva wa teksi walikamatwa na polisi Sinza, Dar es Salaam, wakapelekwa msitu wa Pande, wakapigwa risasi. Polisi wakatangaza wameua majambazi. Rais Kikwete akaunda tume chini ya Jaji Kipenka Mussa, maofisa wakafikishwa mahakamani. Agosti 2009 Jaji Salum Massati akawaachia wote, akasema waliofyatua risasi hawakuletwa mbele yake. Serikali ikakata rufaa, ya kwanza ikatupwa kwa kasoro za hati, ikaanza upya. Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani mmoja, Christopher Bageni, kunyongwa. Abdallah Zombe, aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa mkoa na ambaye nchi nzima iliipa kesi jina lake, akabaki huru pamoja na wenzake wawili.

Zaidi ya miaka kumi. Kwa wajane hilo ni dhuluma juu ya dhuluma, sitalipamba. Lakini mwaka 2016 mahakama bado ilikuwa na watu hai wa kuwahukumu na kuwaachia. Ikaweza kutenganisha huyu na yule. Flemington haikutenganisha. Ilikuwa na mtu mmoja na hasira za nchi nzima, ikazimaliza zote juu yake. Kama kulikuwa na mwingine aliyemsaidia, na mimi nadhani alikuwepo, Hauptmann ndiye pekee ambaye angeweza kumtaja siku moja akichoka na jela. Mkewe Anna aliishi hadi 1994 akidai kesi ifunguliwe tena. Kanuni yetu ya Adhabu nayo bado inampa jaji adhabu moja tu kwa mauaji, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyo hapo Arusha tu, ilisema Novemba 2019 kwamba kumfunga jaji mikono hivyo kunavunja haki ya kuishi. Hatunyongi tangu miaka ya 1990. Basi tunaiweka ya nini?

Ngazi yenyewe ipo hadi leo kwenye makumbusho ya polisi wa New Jersey. Juzi nilimwonyesha ami picha yake kwenye simu. Aliikuza kwa vidole viwili, akaitazama muda mrefu, kwanza vipago vilivyoachana mno, kisha pale ubao wa pembeni ulipopasuka.

"Hii si ya kupandia siku mbili," akasema. "Kaifanya ya usiku mmoja." Akaikuza tena. "Ilimpandisha. Ikashindwa kumshusha. Hapo katikati aliongeza mzigo."

"Ndiye aliyepanda, ami?"

"Wewe uliniuliza nani kaitengeneza," akanirudishia simu, akaenda kuwasha mashine.