Difu na Gia Boksi Wasitazamane

Mtetemo ulikuwa ukianza kwenye kilomita 70 kwa saa. Chini ya hapo Land Cruiser yetu, hadtopu ya kubebea iliki na mdalasini kutoka Amani, ina adabu zake zote. Ikigusa 70, kiti kinaanza kunong'ona. 80, kioo cha ndani kinakuonyesha malori mawili nyuma yako, na lori ni moja. 90, kidroo cha dashibodi kinafunguka chenyewe na kukumwagia risiti za ushuru mapajani. Shemeji alidai ukipita 110 inatulia. Huenda. Lakini nani atakwenda 110 pale Pongwe na zile bodaboda?

Yote yalitokana na kuliinua gari, na kuliinua lilikuwa wazo la shemeji. Masika, njia ya kutoka Muheza kupanda Amani si njia ya mtu mwenye haraka, na difu la nyuma, lile bonge la chuma katikati ya ekseli linalozungusha magurudumu, lilikuwa likikwangua mawe. "Tuliinue inchi 3, shemeji, uone." Tukaliinua. Sasa, gari la ekseli nzima ukiliinua kwa springi, kinachopanda ni bodi. Difu liko palepale lilipo, limekaa katikati ya magurudumu, na halipandi ila umevisha tairi kubwa zaidi. Hayo tuliambiwa baadaye, pesa imeshaliwa.

Fundi aliyetufanyia kazi simtaji, maana tunasali msikiti mmoja na huwa tunapangana safu moja. Aliongeza pleti kwenye springi za nyuma, akaweka shokapu ndefu, kisha akalala chini ya gari akatikisa kichwa. Propela, lile bomba linalozunguka kutoka gia boksi hadi difu, imeinama mno, akasema, kroso zake, vile viungo vya kupinda vya kila mwisho, zitakufa. Akachonga kabari mbili za chuma, akazipachika kati ya springi na ekseli, mdomo wa difu ukainuka ukaelekea gia boksi moja kwa moja. "Sasa wanatazamana," akasema, na akatoza pesa ya kutazamana.

Tanga gari likiwa na ugonjwa haliwi la mwenyewe tena, linakuwa la baraza. Wanywaji kahawa wa Ngamiani walilipokea kwa mikono miwili. Wa kwanza akasema balansi ya matairi. Tukaenda tukabalansi, likatikisika vilevile. Wa pili akasema alainmenti. Tukapanga miguu, likatikisika likiwa limenyooka. Wa tatu akasema kroso, tukanunua mpya, tukazishindilia grisi. Mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote akaweka kikombe chini, akasema gari lile limehusudiwa, na anamjua mtu. Shemeji akachukua namba ya simu ya huyo mtu. Sikumkataza, kwa bei tuliyokwisha kulipa gereji, jini lilikuwa rahisi.

Jambo moja lilinikera. Usukani haukutikisika. Tairi la mbele likiwa bovu, mikono ndiyo hupata habari kwanza. Hili lilipanda kupitia kiti, likakaa kiunoni. Na nikilitoa gia kwenye mteremko, injini imetulia kabisa, mtetemo unaendelea kana kwamba haukuniona. Kwa hiyo si injini. Mbele hatukuwa tumefunga habu, zile za kuunganisha magurudumu ya mbele na injini, kwa hiyo propela ya mbele imelala zake. Ilibaki ya nyuma, ambayo kila fundi aliishika, akaitikisa, akasema haina tatizo.

Ndipo ikaja arusi ya Muheza.

Mama mkwe alitakiwa afike mapema na sinia la visheti, na gari la kumchukua lilikuwa langu. Mie na mama mkwe tunaheshimiana sana. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, basi. Mengine yote hupitia kwa mke wangu, hata tukiwa tumekaa chumba kimoja. Nikaapa sitazidi 60. Lakini kutoka Tanga hadi Muheza ni lami tupu, na nyuma yangu likaja basi linalopiga honi kama limeibiwa abiria. Nikakanyaga mafuta.

Kwenye 85 visheti vikaanza kulia. Sinia zima lilikuwa likigonga kwa mdundo mmoja, na ile sukari ya juu ikawa inabanduka na kunyunyuka kwenye buibui la mama mkwe. Shemeji akajaribu kulishika sinia, likamtikisa na yeye. Kwenye kioo niliona mama mkwe wawili, wote wamefumba macho. Nikasema moyoni, innalillahi, nimemuua.

Mke wangu akainama mbele. "Mama anasema usipunguze."

"Nini?"

"Anasema kiuno kilimkamata tangu juzi. Anasema hapohapo."

Sijui kama umewahi kuambiwa na mkeo kwamba mama yake anakandwa na gari lako, kaka yake akiwa ameketi pembeni. Niliganda kwenye 85 mpaka Muheza, masikio yanawaka moto. Visheti vilifika vikiwa uchi, sukari yote iko chini ya sinia. Waliokula walisema ni vya kienyeji.

Katika waalikwa kulikuwa na mzee mmoja aliyestaafu ufundi kwenye shamba la mkonge, aliyezeekea kwenye matrekta na Land Rover. Alilisikia gari likiingia uani, akaniita. Wali ulipokwisha liwa akavua kanzu, akabaki na msuli na singileti, akaagiza aletewe mkebe wa hesabu wa mjukuu. Humo akatoa kipimapembe cha plastiki, akakifunga uzi wenye nati mwishoni, akaingia uvunguni. Aliegemeza kipimapembe kwenye flanji ya gia boksi, kisha kwenye propela, kisha kwenye difu, uzi unaning'inia, yeye anasoma digrii kwa sauti na mjukuu anaandika kwenye kadi ya arusi.

Kroso ya mbele ilikuwa na pembe ya digrii 7. Ya nyuma, digrii 1.

"Nani aliwaambia watazamane?" akauliza kutoka uvunguni.

Akaeleza. Kroso ikifanya kazi kwenye pembe haipitishi mzunguko sawasawa. Upande mmoja unazunguka kwa mwendo mmoja, wa pili unaharakisha mara 2 na kuchelewa mara 2 katika kila mzunguko. Kazi ya kroso ya pili ni kuyafuta makosa ya ya kwanza, na haiwezi kuyafuta ila pembe zake zilingane na za mwenzake. Kumwelekeza difu atazame gia boksi ni sawa kwa propela yenye kroso mbili zilizounganishwa kule mbele. Hii yetu ina moja mbele na moja nyuma.

"Hawa ni mtu na mkwewe," akasema mzee. "Wanakutana njiani, kila mmoja anatazama mbele yake, na wote wanainama sawa. Mmoja akiinama na mwingine akamkodolea macho, ndiyo fujo hii."

Nikageuka. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, anasikiliza. Tukaangalia chini kwa pamoja, digrii sawa.

Kabari zikatoka. Kijana wa pale akarudisha propela, tukaenda kujaribu barabara ya Segera, na kwenye 50, si 70 tena, gari likatikisika mpaka redio ikabadili stesheni. Shemeji akatoa simu, anatafuta namba ya yule mtu wa majini. Mzee akamwambia aizime. Akaingia tena chini, akacheka peke yake kule. Kijana alikuwa ameichomoa slaidi ya propela, ile sehemu yenye meno inayoingia na kutoka, ili aipake grisi, na aliporudisha akaruka meno, zile uma mbili za propela zinazoshika kroso hazikukaa mstari mmoja. Alama za kuonyesha zilikuwepo, zimefunikwa na tope la Amani. Akaichomoa, akaipanga upya, akakwangua alama kwa kisu ili vipofu wanaokuja waione.

Tulirudi Tanga kwa 90. Kidroo kimefunga mdomo, lori nyuma ni moja, risiti zimelala. Nilikuwa naimba. Mama mkwe, aliyekuwa akija kukaa kwetu wiki ile, hakusema neno kutoka Muheza hadi Pongwe. Hapo mke wangu akainama mbele.

"Mama anauliza, vile vyuma mmevitupa?"

Nikamtazama shemeji. Alikuwa anavyo miguuni, kwenye mfuko wa pilau.

"Vipo," akamjibu dada yake. "Mwambie mama vipo."

Kimya kidogo nyuma, minong'ono.

"Anauliza kufunga ni shilingi ngapi."