Mjomba na Chupa za Friza

Mjomba wangu ni mtu wa kujua. Ukimwuliza saa ngapi, atakueleza saa inavyoundwa. Alipokuja kututembelea, alipokea shikamoo zetu, akaenda moja kwa moja kufungua friza, akakuta chupa zangu za plastiki, akashika kichwa.

"Mnakunywa sumu! Plastiki ikiganda inatoa sumu!"

Nikamwambia kwa adabu kwamba kinachochochea kemikali za plastiki kuingia majini ni joto, kama chupa iliyosahauliwa garini juani. Baridi huzipunguza kasi. Wapi! Akazitoa zote, akaleta za kioo, zile zenye shingo nyembamba, akazijaza pomoni na kukaza vifuniko kwa kitambaa.

"Mjomba, acha nafasi juu. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa asilimia 9 hivi."

Akanitazama kwa huruma. "Mpwa wangu, baridi hufanya vitu visinyae. Wewe mwenyewe ukisikia baridi si unajikunyata?"

Hoja hiyo ilinikaba. Na ubaya wake, ina ukweli ndani: maji yakipoa hujikunyata kweli, lakini hadi nyuzi 4 za Selsiasi tu. Hapo hugeuza nia na kuanza kutanuka, na yakishakuwa barafu hayamstahi mtu, seuze kioo.

Usiku wa manane, pa! Tukatulia. Pa! tena.

"Laleni chini! Wana bunduki!" Mjomba alitokea kwa magoti, shuka mabegani, mwiko mkononi. Mwiko aliutoa wapi ilhali jikoni ndiko alikokuwa anakukimbia, sijui mpaka leo. Mama akalala chini. Watoto, ambao kulazwa kitandani tu huwa ni vita, wakalala sakafuni bila ubishi.

Nikafungua friza. Barafu ilikuwa imesimama wima, imevua kioo kama mtu aliyevua koti.

"Chupa za siku hizi hovyo," akasema Mjomba, akaenda kulala. Kazi ikabaki kwangu: kuzima friza, kungoja barafu iyeyuke, kuokota vigae kwa glavu, kupangusa kwa karatasi zenye unyevu. Barafu yote nikaitupa, maana kigae ndani yake hakionekani hata ukitumia tochi.

Plastiki zikarudi. Nilizojaza mwenyewe niliziachia nafasi juu, vifuniko nikavilegeza hadi zigande. Moja ya dukani, ambayo haijafunguliwa, nikailaza pembeni.

Baada ya saa chache Mjomba akaichomoa hiyo ya dukani. Maji yanacheza ndani.

"Friza yenu mbovu. Nyuzi 18 chini ya sifuri, mnasema? Haya hayajaganda!" Akaigonga mezani kusisitiza.

Barafu ikashuka kutoka shingoni hadi kitakoni, mbele ya macho yake, mkononi mwake.

Nilianza kumweleza kwamba maji yaliyochujwa sana, yakitulia, huweza kupita chini ya sifuri bila kuganda, kwa kuwa hayana pa kuanzia. Mtikisiko mmoja tu, yanaganda papo hapo. Nilieleza vizuri sana. Alikuwa ameshafika uani.

"Nichemshieni chai!" akapaza sauti kutoka huko.

Nikampelekea. Akakigonga kikombe chini, akakikodolea macho, akasubiri kidogo, ndipo akanywa.