Sefti wa Kuvunja Watu Mbavu Mnamtakia Nini?

Drafti ya NFL, ambapo timu huchagua wachezaji wa vyuo kwa zamu raundi baada ya raundi, ikikaribia, lile kundi letu la WhatsApp la Wakenya wa Minnesota huwaka moto, na safari hii kilichowasha ni klipu fupi tu. Kijana wa chuo, sefti (mlinzi wa nyuma kabisa), anatoka nyuma mbio kama gari lisilo na breki na kumgonga mkimbiaji mpaka helmeti inamtoka. Chini yake mtu kaandika kuhusu timu yetu ya Minnesota: "Huyu ndiye dawa ya Vikings." Emoji za moto zikamiminika. Mzee mmoja ninayemheshimu sana, aliyewafundisha wengi wetu futiboli hii ya Kimarekani tulipofika huku bila kujua hata dauni ni nini, akatuma ujumbe wa sauti kulalamika kwamba pale nyuma tumekosa "mtu wa kuogopwa".

Mzee wangu, shikamoo, lakini hapana.

Niliirudisha klipu mwanzo. Kabla ya kile kishindo mkimbiaji ameshapata yadi tisa. Tisa! Na amezipata kwa hisani ya huyo huyo shujaa wenu. Mpira unapoanza, kijana yuko kama yadi kumi na mbili nyuma. Kwotabeki, yule mwenye kuongoza mashambulizi na kurusha mpira, anafanya kiini macho cha kupeana mpira kushoto, na kijana naye huyoo, hatua mbili kushoto, mabega yote yamegeuka. Ndipo anagundua mpira umekwenda kulia, na sasa ana hasira, na hasira ndiyo mliyoirekodi. Angesoma mchezo tangu mwanzo angemdaka mtu kwenye yadi ya tatu, kimya kimya, na hakuna ambaye angetuma klipu.

Ndivyo tunavyochagua sefti: kwa kishindo. Hakuna anayeuliza kocha anataka kufanya nini na uwanja wa nyuma. Anayemweka sefti mmoja peke yake katikati anahitaji mtu wa macho na miguu, wa kufika pembe zote mbili kabla mpira haujatua. Anayewaweka wawili nyuma, kama timu nyingi zinavyofanya tangu Mahomes, kwotabeki wa Kansas City, alipowatia watu hofu, anahitaji wawili ambao kila mmoja anaweza kuwa mwenzake. Mfumo kwanza, halafu mtu.

Msiponiamini mimi, waulizeni Seattle.

Julai 2020 walimtaka Jamal Adams, sefti wa Jets wa New York, mpaka wakapofuka. Walitoa machaguo mawili ya drafti ya raundi ya 1, wakaongeza la raundi ya 3, wakamtupia juu yake Bradley McDougald, sefti waliyekuwa naye tayari. Msimu huo Adams akaangusha makwotabeki mara 9.5, rekodi kwa mchezaji wa safu ya nyuma, na sote tukashangilia, hata tusio wa Seattle. Na mipira aliyomnyang'anya adui hewani msimu huo mzima? Sufuri. Haikumshtua mtu. Agosti 2021 wakamwandikia mkataba wa miaka 4 wa dola milioni 70, na katika msimu wa kwanza wa mkataba huo, makwotabeki aliowaangusha ni wangapi? Sufuri tena. Wakati huo hawakuwa wakimtuma mbele kila mara kama mwanzo, na sefti ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kukimbilia mbele, ukimrudisha nyuma unaanza kuona mashimo ambayo kishindo kilikuwa kinayafunika. Mchezo wa kwanza wa 2022 akaumia paja vibaya, na Machi 2024 wakamwachilia. Jeraha si kosa lake, hilo nalikubali, na sitamcheka mtu kwa kuumia. Lakini machaguo yale yalikuwa yameshatolewa bado yuko mzima wa afya.

Sasa mtazameni aliyekuwa akicheza pembeni yake. Quandre Diggs (si ndugu wa Stefon Diggs, mdakaji aliyekuwa wetu). Seattle walimtoa Detroit Oktoba 2019 kwa chaguo la raundi ya 5. Raundi ya 5! Mwili wa kawaida, klipu za kawaida. Msimu wa 2020 akanyang'anya mipira mitano, wa 2021 mitano mingine. Timu ile ile, uwanja ule ule, mmoja kanunuliwa kwa mustakabali wa klabu, mwingine kwa chenji, na huyu wa chenji ndiye aliyekuwa akilinda nyumba. Kila nikifikiria hili napandwa na hasira, na Seattle wala si timu yangu. Ukimlipa sefti ili amwangushe kwotabeki, umemlipa kwa kazi ya watu wengine. Wale majitu wa mbele wanalipwa kwa nini?

Najua jina mtakalonirushia: Kam Chancellor, sefti wa zamani wa Seattle. Haya, tuliongee. Kam alikuwa jitu, alivunja watu, na katika Super Bowl, fainali ya ligi, ya Februari 2014, Denver walipochapwa na Seattle 43 kwa 8, alimgonga mdakaji wao Demaryius Thomas mapema kabisa na baadaye akamnyang'anya kwotabeki wao Manning mpira. Sina neno. Ila nyuma yake nani alikuwa amesimama? Earl Thomas, mtu wa futi tano na inchi kumi, anayefagia uwanja mzima peke yake. Wote wawili walichukuliwa drafti ya 2010: Earl nambari 14, Kam raundi ya 5. Soma bei hizo polepole. Mwenye kishindo alipatikana raundi ya 5, na alikuwa huru kuvunja watu kwa sababu mwenzake hakuwa akivunja mtu. Troy Polamalu, sefti wa zamani wa Pittsburgh, naye? Polamalu ni Polamalu, hakuna drafti inayotoa wengine.

Halafu siku hizi ukiinamisha kichwa ukagonga unaadhibiwa yadi 15. Sheria ni ya 2018. Endeleeni kutamani.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi wa Minnesota ndio watu wa mwisho duniani tunaopaswa kudai sefti wa kujirusha. Januari 14, 2018, Saints wa New Orleans wanaongoza 24 kwa 23, zimebaki sekunde 10, na sisi hatuna tena nafasi ya kuomba mapumziko. Kwotabeki wetu Case Keenum anarusha kuelekea pembeni, Stefon Diggs anaruka, anadaka. Marcus Williams, sefti wao, hatakiwi kufanya miujiza. Asimame, amngoje ashuke, amkumbatie ndani ya mstari, saa iishe. Badala yake akainamisha kichwa na kujirusha mapema, akapita chini ya Diggs na kumwangusha mwenzake mwenyewe. Yadi 61, Vikings 29, New Orleans 24. Mlilia kwa furaha, wengine mkaamsha watoto. Na kijana yule hakuwa mbovu, mechi hiyo hiyo alikuwa amenyang'anya mpira, na miaka iliyofuata alipata pesa nzuri Baltimore. Alikosa subira kwa nusu sekunde.

Kuna wanaosema chini ya Brian Flores, kocha wetu wa ulinzi, haya yote hayana maana, kwa sababu kwake kila mtu anacheza kila mahali. Kiasi, wana haki. Lakini mkumbuke Flores huyu alikuwa kocha Miami 2019, wakamzungusha sefti Minkah Fitzpatrick huku na huku mpaka akaomba kuondoka. Pittsburgh wakatoa chaguo la raundi ya 1, wakamsimamisha nyuma katikati, na mwaka huo huo akawa miongoni mwa masefti bora wa ligi nzima. Mtu yule yule. Hapa kwetu Flores alimkuta Harrison Smith, aliyekuwa akifanya yote bila kulalamika, na Josh Metellus, ambaye kwa kucheza kila mahali sijui hata nimwite nani. Ulaghai wa Flores wa kuficha mpango wake kabla mpira haujaanza unafaulu tu anapokuwepo mtu nyuma anayeweza kugeuza kiuno na kukimbia na mdakaji, siyo anayesubiri wa kumgonga.

Mtu huyo kwetu alikuwa Camryn Bynum, mpaka alipokwenda Indianapolis 2025. Chuoni California alikuwa konabeki, yaani mlinzi wa pembeni, tukamchukua raundi ya 4 mwaka 2021 na kumhamishia katikati. Vijana wa aina hiyo, waliokua wakifukuzana na wadakaji pembeni, wapo kila drafti, na raundi ya 3 ikifika bado wamekaa wanangoja simu. Tuwapigie.