Daftari la Kupanga

Kompyuta ya dukani kwetu ilikufa Jumatatu asubuhi, mafundi wamejaa hadi barazani wakisubiri nondo na saruji. Mimi ndiye mshika hesabu wa duka hili la vifaa vya ujenzi, Ngamiani hapa Tanga, mwaka wa kumi sasa, na kompyuta kufa si jambo la kunitoa jasho. Diski yake ya ndani, ile inayohifadhi mafaili, ilikuwa imechoka. Tangu Ramadhani ilikuwa ikitoa mlio kama mtu anayegonga meno. Nakala ya mafaili yote nilikuwa nayo kwenye flashi, ndani ya kisanduku cha fedha. Basi nikanunua diski nyingine, nikaiandaa kompyuta upya, nikatoa sidii ya programu yetu ya hesabu. Programu hiyo tuliinunua mwaka 2016 kwa fedha taslimu, malipo ya mara moja, tukapewa sidii na karatasi ya leseni. Karatasi ile imekaa bahasha moja na hati ya kiwanja. Dada wa kaunta akanisomea namba, nami nikaziingiza moja moja.

Programu ikaandika kwamba inawasiliana na seva, yaani kompyuta ya mbali ya kampuni iliyoitengeneza. Ikakaa. Ikaandika imeshindwa.

Nikawapigia waliotuuzia. Kijana aliyepokea simu alikuwa mpole na mwenye adabu, na alinieleza bila kuficha: toleo letu limeondolewa, seva iliyokuwa ikithibitisha leseni imezimwa, na kampuni siku hizi inatoa huduma ya mtandaoni, unalipia kila mwezi. Nikamwambia sina haja ya toleo jipya, nataka tu kufungua mafaili yangu. Akasema mafaili yale yanasomwa na programu ya zamani peke yake. Kuyahamishia kwenye mpya kuna ada yake, na ada hiyo inalipwa baada ya kujiunga. Yaani nilikuwa natajiwa bei ya kufunguliwa daftari letu wenyewe.

Mauzo hayakunitia hofu, maana risiti za EFD, ile mashine ya kodi, zipo. Lakini risiti haikuambii kwamba fundi wa Pangani alichukua bati thelathini, akalipia kumi na tano, zilizobaki akaahidi atalipa akishauza nazi. Hilo analijua yeye, na ilikuwa ikilijua programu.

Kilichotuokoa ni ukaidi wa Mzee. Mwenye duka letu hajawahi kuiamini kompyuta hata siku moja. Kila jioni kabla ya Magharibi humwambia dada wa kaunta amsomee madeni ya siku hiyo kutoka kwenye kioo, naye huyaandika kwa kalamu ya wino wa bluu kwenye kaunta buku. Miaka yote nilimwona anajichosha, na mara mbili nilimwambia hivyo kwa heshima. Sasa tukakaa siku nne, mimi na dada, tukinakili kutoka kwenye mabuku yale. Ilibidi Mzee atufundishe alama zake: "bt" ni bati, "nd 12" ni nondo ya milimita kumi na mbili. Jina lililokatwa kwa mstari mmoja amelipa. Lililokatwa kwa mistari miwili amefariki, na deni limesamehewa. Alama hiyo ya mistari miwili haikuwemo kwenye programu. Kule marehemu wote walikuwa bado wanadaiwa.

Tangu wakati huo nimekuwa nikiliwaza neno moja: kununua. Wahenga walitufundisha kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi tukaona tumewasikia, kwa kuwa daftari tunalo na tena ni la kisasa. Hatukujiuliza daftari lenyewe ni la nani.

Hapa mjini ukitaka fremu ya duka unalipa kodi, pengine na kilemba juu yake, unasaini mkataba, na unajua kabisa kwamba wewe ni mpangaji. Mwenye nyumba akiitaka fremu yake anakupa notisi. Unatoka na rafu zako, mizani yako, bidhaa zako. Sijapata kuona mwenye nyumba, awe mkorofi kiasi gani, aliyebaki na daftari la madeni la mpangaji kisha akadai alipwe ndipo alitoe. Kampuni za programu zinatufanyia jambo ambalo mwenye nyumba angelifanya mtaani angeitiwa mjumbe. Na wanatufanyia baada ya kutuandikia kwenye risiti kwamba tumenunua.

Watu wa rika langu walikuwa na fununu ya jambo hili tangu utotoni, kwa njia ya gemu. Nilipokuwa kijana kule Makorora kulikuwa na kibanda cha plestesheni, PS2 mbili na televisheni mbili za kichogo, mechi moja shilingi mia mbili. PS2 ilitoka mwaka 2000 na ndiyo mashine ya gemu iliyouzwa kuliko zote duniani, zaidi ya milioni 150, na nyingi zilichakaa mikononi mwa watoto wa vibanda kama kile. Sidii zilikuwa na mikwaruzo. Tulizisugua kwa dawa ya meno, tukazipangusa kwa shati, tukazirudisha, na gemu ikaendelea. Wenye bahati walikuwa na memori kadi zao, kadi ndogo nyeusi ya MB 8. Mimi nilikuwa nayo. Timu yangu niliyoijenga msimu mzima ilikuwa humo. Nikimaliza kucheza naichomoa, natia mfukoni, natembea nayo hadi nyumbani. Mwenye kibanda alikuwa na mashine, mimi nilikuwa na msimu wangu. Angeweza kufunga kibanda kesho yake, nami ningehamia cha Mabawa nikaanzia pale pale nilipoishia.

Mdogo wangu wa mwisho anacheza gemu za siku hizi na hana kitu cha kutia mfukoni. Kila alichokijenga kiko kwenye kompyuta ya watu, nchi asiyoijua.

Mwaka 2014 kampuni ya Ufaransa, Ubisoft, ilitoa gemu ya magari iitwayo The Crew. Ilikuwa na sehemu ndefu ambayo mtu angeweza kuicheza peke yake, lakini ilitengenezwa isifunguke bila kuunganishwa na seva za kampuni. Tarehe 31 Machi 2024 seva zikazimwa. Baada ya siku chache walioinunua walianza kuona hata leseni imeondolewa kwenye akaunti zao. Mtu aliyelipa bei kamili, mwenye diski yake kabatini, akabaki na kipande cha plastiki. Mmarekani mmoja, Ross Scott, akaanzisha kampeni ya Stop Killing Games, akidai kampuni ikiacha kuihudumia gemu iiache katika hali ambayo aliyeinunua bado anaweza kuicheza. Kufikia Julai 2025 ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilikuwa limepata saini zaidi ya milioni 1. Ubisoft nao walishatangaza kwamba gemu mbili zilizofuata katika mfululizo ule zitapewa namna ya kuchezwa bila mtandao. Kumbe inawezekana. Ilikuwa haijaombwa kwa sauti ya kutosha.

Wazee wengi wakisikia habari za gemu hupuuza, wanaona ni mchezo wa watoto. Naomba wasipuuze. Gemu ndipo mahali ambapo kampuni hujaribia kwanza jambo ambalo kesho litaletwa ofisini. Vitabu vimeshapitia hayo: Julai 2009 Amazon ilifuta vitabu kwenye Kindle, vifaa vya kusomea vitabu, vya watu waliokuwa wamevilipia, baada ya kugundua muuzaji hakuwa na haki navyo. Waliwarudishia fedha, na Jeff Bezos mwenyewe, mkuu wa kampuni wakati huo, akaomba radhi, lakini watu walishajua kwamba rafu ya chumbani mwao ina mlango wa nyuma. Halafu zikaja programu za kazi. Adobe mwaka 2013 walitangaza kwamba matoleo mapya ya programu zao za picha na uchapaji hayatauzwa tena kwa malipo ya mara moja. Nenda stesheneri yoyote hapa mjini inayotengeneza kadi za harusi na mabango, uangalie wanatumia toleo la mwaka gani.

Na hapo lazima niseme ukweli unaotuhusu sisi. Sidii nyingi za kibanda cha Makorora zilikuwa za kunakili. Kompyuta nyingi za maofisi na stesheneri zimeendeshwa miaka mingi kwa programu zilizovunjwa kufuli. Tumekula jasho la watu. Lakini ndiyo sababu jambo la dukani liliniuma zaidi: safari ile sisi tulilipa. Mzee alikataa katakata kutumia ya wizi, akasema haramu haiingii kwenye daftari lake. Leo aliyeiba ana nakala inayofunguka, na sisi tuliolipa hatuna.

Najua pia kwamba upande wa pili una hoja. Seva inakula umeme, na anayeandika programu ana watoto wa kusomesha. Gemu ya watu laki moja wanaocheza pamoja haiwezi kuendeshwa milele kwa fedha iliyolipwa mara moja. Kulipa kwa mwezi kwa kitu kinachohudumiwa kila mwezi sioni ubaya wake, kama ninavyolipia umeme na maji. Ninachokataa ni vitu viwili kufungwa kwenye kamba moja: huduma yao na mali yangu. Huduma ikikoma, mali irudi kwa mwenyewe. Jimbo la California lilianza kutumia sheria Januari 2025 inayomzuia muuzaji wa bidhaa za kidijitali kuandika "nunua" bila kumweleza mteja wazi kwamba anachopata ni leseni. Ni sheria ndogo, haimrudishii mtu chochote. Lakini angalau inalitaja jambo kwa jina lake, na sisi wenye lugha inayotofautisha vizuri kabisa kununua, kupanga na kuazima tusingeshindwa kuwa nayo. Hapa Tanzania Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ipo kwa ajili ya kumlinda mlaji. Hiyo ingekuwa kazi yake.

Kuhusu Windows 10, mfumo unaoendesha kompyuta nyingi, nitapita haraka, maana limesemwa sana. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walisitisha kuihudumia, na Windows 11 inataka kifaa cha usalama cha TPM 2.0 ambacho kompyuta nyingi za mtumba, ndizo zilizojaa kwenye maofisi ya huku, hazina au hazikidhi. Biashara inayotaka kuendelea kupata marekebisho ya usalama iliwekewa dola 61 kwa kompyuta moja mwaka wa kwanza, na bei inaongezeka maradufu kila mwaka hadi mwaka wa tatu. Watumiaji wa nyumbani wa Ulaya walipewa mwaka mmoja bure baada ya vyama vyao vya kutetea walaji kubana. Sisi hatukubana, hatukupewa kwa masharti mepesi kama yao.

Na kuna hili la mtandao. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom, zinazotuletea intaneti, zilipata hitilafu kusini mwa Afrika, na Tanzania nzima ikajua. Kesho yake ofisi ambazo kila kitu chao kiko mtandaoni zilikaa zikitazama kioo. Sisi siku ile tuliuza kama kawaida. Programu yetu, ile ile iliyokuja kutufia mwaka uliofuata, ilikuwa bado inafanya kazi ndani ya kompyuta yetu bila kumwomba mtu ruhusa. Anayekwambia leo kwamba hesabu za duka lazima zikae mtandaoni, mwambie akuonyeshe duka litafanyaje kazi wiki kama ile.

Sasa hivi madeni yetu yako kwenye jedwali la LibreOffice, programu huria, yaani ya bure ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuibadili. Haina urembo. Haipigi hesabu za stoo kama ile ya kwanza, na mwisho wa mwezi inanichukua siku nzima zaidi. Nimeikubali shida hiyo, kwa sababu faili lake linafunguka kwenye programu zaidi ya moja na hakuna seva inayoulizwa. Nchi hii iliwahi kuonyesha njia: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Nasikitika kwamba maofisini wachache wanaikumbuka, wakati ingekuwa imekua nasi hadi leo.

Jioni Mzee anaendelea na kaunta buku lake, na siku hizi ni mimi ninayemsomea.

Wiki iliyopita alikuja kijana wa kampuni nyingine, tableti mkononi, kutuonyesha programu yake ya hesabu ya kulipia kwa mwezi. Nzuri, sikatai, hata ujumbe wa kumkumbusha mdaiwa inatuma yenyewe. Mzee akamwagizia kahawa na kashata, akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akamuuliza, "Mwanangu, siku nikiacha kulipa, madeni yangu nayapataje?"

Kijana akasema, "Mzee wangu, taarifa zako kwetu ziko salama kabisa."

"Sijakuuliza usalama. Nimekuuliza nayapataje."

Akasema ataulizia makao makuu Dar. Mzee akafungua kaunta buku ukurasa wa nyuma, akaandika tarehe na jina la kampuni, akamwambia jibu alilete kwa maandishi, lenye muhuri. Mpaka leo ninapoandika, mstari ule haujakatwa.