Nukta mbili zimenila siku nzima

Mimi ugomvi na binadamu nauweza. Unaonishinda ni wa mashine, maana yenyewe haichoki, haina haya, wala haikwambii umeikosea nini. Inakuletea kiboksi tu: kosa namba 1004, na maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama "kosa lililofafanuliwa na programu au lililofafanuliwa na kitu". Limefafanuliwa wapi jamani, mbona mimi sijafafanuliwa?

Makro yenyewe, yaani kile kiprogramu kifupi nilichokiandika kiifanyie Excel kazi, wala si ya kujivunia. Inaingia karatasi ya Mauzo kwenye Excel, inazoa namba za safu ya tatu kuanzia mstari wa 2 hadi wa mwisho, inajumlisha, jumla inaiweka karatasi ya Muhtasari. Nimeijaribu mara tano, inakwenda kama maji. Nikamwita bosi aje aone kazi ya mikono yangu. Kabofya kitufe. 1004.

"Si ulisema inafanya kazi?"

"Inafanya, bosi."

"Inafanyia wapi?"

Akaondoka. Nami nikabaki na kinyongo kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi, kumbe mwenzangu katika kejeli zake kashanipa jibu. Mimi kila nikijaribu nipo Mauzo. Yeye kabofya akiwa Muhtasari. Na nilichoandika ni hiki:

Worksheets("Mauzo").Range(Cells(2, 3), Cells(n, 3))

Range ni eneo la visanduku, Cells ni kisanduku kimoja kwa namba ya mstari na ya safu, na n ni mstari wa mwisho. Range nimeitajia kwao, Mauzo. Zile Cells mbili za ndani sikuzitajia, na Cells isiyotajiwa kwao inajihesabu ni ya karatasi yoyote iliyo wazi mbele yako. Yaani naiambia mashine: nenda nyumba ya Mauzo, anzia mlango wa Muhtasari, ishia dirisha la Muhtasari. Hata mimi ningegoma. (Ukiiandika ndani ya moduli ya karatasi fulani, yaani ukurasa wa msimbo wa karatasi hiyo, inabadili tabia tena, inajihesabu ni ya karatasi hiyohiyo. Hayo tuyaache, nina presha.)

Kabla ya kujua hilo nimeshahangaika. Nikabandika Activate juu, amri ya kuileta karatasi mbele, ikapona, ila sasa kila ukibofya inakuhamishia Mauzo bila kukuuliza. Nikashuku hesabu ya mistari, maana niliwahi kuumwa huko: namba ya mstari niliitangaza kuwa ya aina ya Integer, nayo mwisho wake ni 32,767, wakati karatasi ina mistari 1,048,576. Hapana, hiyo nilishaibadili kuwa Long, aina inayobeba namba kubwa zaidi. Nikafungua mfano wa mtu mwingine, nikaulinganisha na wangu herufi kwa herufi. Sawasawa kabisa. Isipokuwa kwake kuna kidoa mbele ya kila Cells. Nikakifuta kwa kidole. Hakitoki. Nikakifuta kwa shati.

Ilikuwa nukta.

With Worksheets("Mauzo") juu, halafu .Range(.Cells(2, 3), .Cells(n, 3)), halafu End With; kila chenye nukta mbele kinajua kwao ni Mauzo. Basi. Nukta mbili za ziada, saa saba za maisha yangu.

Leo asubuhi nikampelekea bosi faili kifua mbele. Nikamwambia abofye akiwa karatasi yoyote anayotaka, hata akitaka afumbe macho. Kabofya.

Kosa namba 9.

Kumbe kabla ya kubofya alipitia jina la karatasi "kuliweka vizuri", akaacha nafasi tupu baada ya Mauzo, makro ikaitafuta karatasi ya jina hilo isiione. Jana nimeshinda nikitafuta nukta isiyoonekana vizuri. Leo natafuta kitu ambacho hakionekani kabisa.