Kinachohisiwa na Kinachopimika: Dhana Zinazowakwamisha Wanyanyua Vyuma

Wiki za mwanzo za kunyanyua vyuma huwa na ukarimu ambao haurudi tena. Aliyeanza na kilo 30 anaweza kujikuta akiinua 40 kabla misuli yake haijabadilika kwa kiasi cha kuonekana kwenye kioo, kwa sababu sehemu kubwa ya nguvu za awali hutokana na mfumo wa fahamu: ubongo hujifunza kuamsha nyuzi nyingi zaidi za misuli na kuzifanya zishirikiane. Watafiti Moritani na deVries walilieleza jambo hili katika utafiti wao wa mwaka 1979. Tatizo ni kwamba katika kipindi hicho karibu kila njia huzaa matunda. Anayejichosha mpaka ashindwe kushuka ngazi hupata nguvu, anayebadilisha mazoezi kila siku hupata nguvu, na anayefanya seti moja (mfululizo mmoja wa marudio bila kupumzika) kisha akakaa kupiga soga naye hupata nguvu. Kila mmoja huondoka akiamini kwamba siri iko katika kile alichokuwa akikifanya. Maendeleo yanaposimama, imani hiyo ndiyo inayomzuia kubadili chochote. Kwa maoni yangu, dhana potofu katika mazoezi haya huishi kwa nusu ya ukweli iliyomo ndani yake, na hupendwa kwa sababu zinampa mtu kitu cha kuhisi, ambacho ni rahisi kuliko kitu cha kupima.

Maumivu yanalionyesha hili waziwazi. Wengi hupima ubora wa mazoezi kwa namna wanavyoamka kesho yake: miguu isipouma, wanaona wamepoteza muda. Nusu ya ukweli ipo, kwa kuwa misuli iliyopewa mzigo isiouzoea, hasa katika hatua ya kuushusha uzito taratibu, huuma kati ya saa 24 na 72 baadaye, na mzigo unaozidi mazoea ni sharti la kukua. Hata hivyo, misuli hiyo hiyo ikirudia kazi hiyo hiyo wiki inayofuata haitauma kama mwanzo, ingawa inaweza kuwa inaendelea kukua vizuri. Maumivu hupima zaidi ugeni wa kazi kuliko faida yake. (Asidi ya laktiki, kemikali ambayo misuli huizalisha ikifanya kazi kwa nguvu na ambayo bado inalaumiwa katika jimu nyingi, husafishwa mwilini ndani ya muda mfupi baada ya mazoezi, hivyo haiwezi kuwa sababu ya mtu kushikilia ukuta siku mbili baadaye.) Hasara ya kuyakimbilia maumivu huonekana katika ratiba: anayeyatafuta maumivu makali kila Jumatatu hufika Alhamisi akiwa bado hana nguvu zake kamili, na jumla ya kazi ya wiki hupungua. Upande wa pili nao una hoja. Aliyemaliza miezi mitatu bila kuhisi hata ukakamavu kidogo pengine anainua uzito mdogo mno, kwa hiyo maumivu ni taarifa, ila ni taarifa dhaifu.

Dhana ya pili ni mtoto wa hiyo ya kwanza. Kwa kuwa zoezi geni ndilo linalouma, mtu huambiwa kwamba mwili lazima ushangazwe, na kwamba ukishazoea zoezi haukui tena. Mwenye imani hii hubadilisha mazoezi kila wiki, huuma kila wiki, na huridhika kila wiki, huku akiwa hana njia ya kujua kama ana nguvu kuliko alivyokuwa miezi miwili iliyopita. Tazama daftari la mwenzake asiyebadilisha: kuchuchumaa na chuma mabegani, kilo 60, marudio 8, 8, 7, wiki inayofuata 8, 8, 8, kisha 9, 9, 8, akifikisha 10 katika seti zote tatu anaongeza kilo 2.5 na kurudi kwenye 8. Ni ukurasa usiosisimua hata kidogo, lakini ndani yake mzigo unapanda na ushahidi upo. Watetezi wa mabadiliko wana haki yao pia, kwa sababu ari ya kufika mazoezini ni sehemu ya matokeo, na viungo vilivyochoshwa na mwendo mmoja hupata nafuu vikipewa mwingine. Ninaona inatosha kuyashikilia mazoezi makuu kwa miezi miwili au mitatu na kubadilisha yale ya pembeni kadiri mtu apendavyo.

Ubishi kuhusu uzito mkubwa na mdogo ndio unaohitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa hapa hata waliosahihishwa hukosea. Mwaka 1945 Thomas DeLorme, daktari katika jeshi la Marekani, alichapisha kazi yake kuhusu kurudisha nguvu za misuli kwa mizigo mizito inayoongezwa hatua kwa hatua, na kwa miongo mingi iliyofuata iliaminika kwamba chuma chepesi hakijengi misuli. Kisha mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada walilinganisha asilimia 30 na asilimia 80 ya uzito wa juu kabisa ambao mtu anaweza kuinua mara moja, kwa vijana wasiokuwa na mazoea ya vyuma, na misuli ikakua kwa kiwango kinachokaribiana. Habari hii ilipokelewa na wengi kama ruhusa ya kupumzika. Wanasahau kwamba seti hizo ziliendelea mpaka misuli ikashindwa, jambo ambalo kwa uzito mdogo huwa ni mateso ya marudio 25 au 30, na kwamba ongezeko la nguvu lilikuwa kubwa zaidi kwa waliotumia asilimia 80. Anayeweka dambeli (chuma cha kushika kwa mkono mmoja) chini kwenye rudio la 15 huku akiwa na uwezo wa kufanya mengine 15 hafuati utafiti huo wala mafundisho ya DeLorme.

Hofu ya magoti ina historia ya namna hiyo hiyo. Mtafiti Karl Klein wa Texas alidai mwaka 1961 kwamba kuchuchumaa hadi chini hulegeza kano za goti, na maonyo yake yakaenea. Tafiti za baadaye hazikulithibitisha dai hilo kwa magoti mazima. Mwenye jeraha ana sababu ya kupunguza kina. Ninayemtilia shaka ni yule anayeongeza sahani za chuma kila wiki huku kina anachoshuka kikizidi kupungua, kwa kuwa nusu ya mwendo huruhusu kilo nyingi, na daftari lake linaonyesha maendeleo ambayo mapaja hayajayapata.

Kuhusu protini, yatosha kusema kwamba uchambuzi mpana wa tafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliona faida ya wastani ikikoma karibu na gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, yaani takriban gramu 112 kwa mtu wa kilo 70, na kwamba jumla ya siku ina uzito kuliko haraka ya kunywa poda kabla jasho halijakauka. Wanawake wanaoogopa kufura kama wanaume wakigusa chuma wanaogopa jambo ambalo kiwango chao cha testosteroni, homoni ya kiume, hakiruhusu kirahisi, ingawa mwanamke asiyependa mapaja yake yaongezeke hata kidogo hana kosa lolote. Hilo ni chaguo, na atapanga mazoezi yake ipasavyo.

Wapinzani wa dhana hizi nao wana udhaifu wao: huchukua wastani wa utafiti na kuufanya hukumu kwa kila mtu. Utafiti wa mwaka 2005 uliongozwa na mtafiti Monica Hubal ukiwa na washiriki 585, wote wakiufanyisha mazoezi mkono mmoja kwa programu moja ya wiki 12, na mabadiliko ya ukubwa wa misuli yalianzia upungufu wa asilimia 2 hadi ongezeko la asilimia 59. Aliye karibu na mwisho wa chini wa safu hiyo akiiga ratiba ya rafiki aliye juu atahitimisha ama kwamba ratiba ni mbovu au kwamba yeye hana asili ya vyuma, wakati bado hajajaribu kuongeza seti, kulala zaidi, wala kula zaidi, kimoja baada ya kingine, kila kimoja kwa muda wa kutosha ili namba zionyeshe tofauti.